Loweka makuti kabla hayajapanda paani

Ukimuuliza fundi wa kuezeka hapa Bagamoyo kama makuti yanaweza kuzuiwa yasishike moto, wengi watakwambia dawa ipo, paa likikamilika unaleta bomba la kupulizia unanyunyiza, kazi imeisha. Dawa ipo kweli. Kasoro ni huko kunyunyiza. Kuti likishafungwa kwenye fito, linaloguswa na dawa ni ncha tu, yaani vidole viwili vitatu vinavyochungulia chini ya kuti la juu yake. Sehemu iliyobaki imefunikwa na wenzake na haioni hata tone. Moto ukiingia katikati ya safu unakuta majani makavu yaleyale.

Tuanze na sababu ya makuti kuwaka haraka hivyo. Gogo huchelewa kushika kwa kuwa joto linazama ndani yake. Jani la mnazi halina pa kulizamisha. Ni jembamba, limekauka, na kwenye makuti ya viungo, yale ya majani yaliyoshonwa kwenye ufito, kila jani limezungukwa na hewa. Likipata joto la nyuzi 250 hadi 300 linaanza kutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo mwali unaouona. Kisha paa lenyewe limeinama nyuzi 45 hivi, kama linavyotakiwa ili mvua iteremke, kwa hiyo joto la kuti linalowaka chini linapanda likikausha na kupasha la juu yake. Kutoka upenuni hadi kileleni ni dakika chache tu. Ukiongeza upepo wa kaskazi wa Januari na Februari, usiweke matumaini kwenye ndoo.

Dawa inayofaa zaidi kwa makuti ni mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki. Vyote viwili vina boroni. Vikipata joto vinayeyuka na kuwa kama utando wa kioo juu ya jani, na vinalifanya jani ligeuke mkaa badala ya kutoa gesi. Kila kimoja kina kazi yake, na hapo ndipo wanaobana matumizi wanapokosea. Boraksi inazuia mwali lakini inaliacha jani liendelee kufuka, na kuti linalofuka ndani ya paa linaweza kukaa saa nzima kabla halijalipuka tena. Asidi ya boriki ndiyo inayokata kule kufuka. Ukinunua kimoja tu, umenunua nusu ya dawa.

Kipimo cha zamani kinachoaminika, kwa uzito, ni boraksi kilo 7, asidi ya boriki kilo 3, maji lita 100. Pasha maji moto kiasi cha kuogopa kutia mkono, mimina boraksi kwanza ukikoroga mpaka iishe, ndipo uweke asidi. Kila kimoja peke yake ni kigumu kuyeyuka kwenye maji ya kawaida. Vikiwa pamoja vinasaidiana na havirudi kuwa chenga hata maji yakipoa. Angalia mfuko wa boraksi umeandikwa nini. Kilo 7 ni za boraksi ya kawaida, ile yenye molekuli kumi za maji. Kama mfuko ni wa pentahaidreti, yaani molekuli tano, tumia kilo 5.4, maana mzigo wake una maji kidogo na boroni nyingi.

Shimo la kulowekea halihitaji gharama. Urefu mita 1.5, upana sentimita 80, kina sentimita 40, ndani umetandika turubai zito lisilo na tundu. Hapo lita 300 za dawa zinatosha, yaani boraksi kilo 21 na asidi kilo 9, nafasi iliyobaki inajazwa na makuti yenyewe. Wenye mapipa wanapasua pipa la lita 200 kwa urefu na kuyaunganisha mapande kwa kuchomelea, nayo ni njia nzuri, ila hakikisha pipa halikuwa la oili.

Jani la mnazi lina nta, dawa inateleza juu yake kama maji juu ya bata. Tia sabuni ya maji, vijiko vitatu vinne vya chakula kwa kila lita 100, halafu loweka usiku kucha huku umekandamiza kwa mawe. Makuti yawe makavu, ya rangi ya kahawia. Kuti bichi limejaa maji yake na halina nafasi ya kupokea ya kwako. Dawa ikipungua shimoni ongeza dawa iliyochanganywa kwa kipimo kilekile. Ukijaziliza maji matupu, makuti ya fungu la mwisho yatakuwa na dawa pungufu kuliko ya fungu la kwanza, na kwa macho huwezi kuyatofautisha.

Utajuaje kuwa dawa imeingia? Pima. Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na ndiyo inayotenganisha kazi na maigizo. Chukua kuti moja, lipime likiwa kavu. Tuseme ni gramu 500. Lengo ni kubakiza ndani yake chumvi ya dawa (boraksi na asidi yenyewe, bila maji ya kuyeyushia) kama asilimia 10 ya uzito huo, yaani gramu 50. Katika mchanganyiko wetu kuna kilo 10 za chumvi ndani ya kilo 110 za dawa, kwa hiyo gramu 50 za chumvi zimo ndani ya gramu 550 za dawa. Litoe kuti shimoni, lining'inize dakika kumi lichuruzike, pima tena. Kama limefika gramu 1,050, umemaliza. Kama limefika 800 tu, limepokea gramu 27 za chumvi, karibu nusu ya unachotaka. Likaushe, lirudishe shimoni mara ya pili.

Kukausha ni kivulini, makuti yamesimamishwa au yametundikwa, siku mbili tatu. Ukiyalaza chini, dawa inateremka na kuganda upande mmoja. Ukiona unga mweupe mwingi juu ya jani usifurahi. Huo ni mzigo uliobaki nje, utapukutika fundi akishika.

Halafu jaribu kwa moto. Kata vipande vitatu kutoka makuti tofauti ya fungu moja, simama mahali pasipo na upepo, shikilia ncha ya kipande juu ya mwali wa mshumaa kwa sekunde 12, kisha ondoa mshumaa. Kipande kilichoiva kinazima ndani ya sekunde mbili hivi na kinabaki na ukingo mweusi usiotambaa. Kikiendelea kuwaka, au kikizima mwali lakini wekundu ukawa unatembea ndani ya jani, fungu lote lirudi shimoni. Fanya na jaribio la pili ambalo mwenye nyumba anapaswa kulishuhudia. Chukua kipande kingine kilichofaulu, kiweke kwenye ndoo chini ya bomba linalotiririka kwa saa moja, kikaushe, kichome. Kitawaka vizuri tu.

Huo ndio udhaifu wa boroni. Inayeyuka kwenye maji inapoingia, na inayeyuka kwenye maji inapotoka. Masika ya Machi hadi Mei yatasafisha dawa kwenye ncha za nje za paa, hakuna ujanja. Lakini paa lililoinama vizuri na kupangwa kwa kubana, kuti na kuti sentimita kumi hivi, linalowa juu tu. Tabaka za ndani zinabaki kavu, na dawa yake inabaki. Kwa hiyo paa lililolowekwa ni kinga dhidi ya moto unaotoka chini: jiko, waya, mshumaa, sigara. Dhidi ya cheche inayotua juu baada ya masika mawili, usilitegemee sana. Mwezi wa Juni, mvua zikikatika na paa likikauka, hapo ndipo bomba la kupulizia lina kazi yake. Nyunyiza kwa chini, kutoka ndani ya banda, ukielekeza kwenye mapengo. Ni nyongeza ya kila mwaka, haichukui nafasi ya kuloweka.

Wapo wanaotumia mbolea, na hawajakosea. DAP ina fosfeti, ikipata joto inaachia asidi inayolifanya jani kuwa mkaa, na ni kemikali ya familia moja na unga wa ndani ya mitungi mingi ya kuzimia moto. Kilo 12 kwa lita 100 za maji ni kipimo cha kuanzia, upime na kuchoma kama hapo juu. Mbolea ya dukani ina takataka zisizoyeyuka, iache itulie usiku mmoja na uchuje kwa kitambaa, la sivyo bomba litaziba. Inapatikana kwenye maduka ya pembejeo. Hasara zake ni mbili. Chumvi za amonia zinakula misumari, mabati na waya wa kufungia, hasa kwenye hewa hii ya bahari, kwa hiyo funga kwa kamba ya usumba. Ya pili ni hatari zaidi. Usipake chokaa wala saruji juu ya kitu kilichotiwa DAP au SA (mbolea ya salfeti ya amonia), wala usichanganye kwenye ndoo moja. Chokaa inafukuza amonia kama gesi, na kwenye chumba kilichofungwa gesi hiyo inachoma macho na mapafu.

Maji ya bahari tuyaseme kwa ufupi, maana yanapendwa kwa kuwa ni ya bure. Chumvi ya kawaida haizuii makuti kuwaka kwa kiwango chochote cha maana. Kuti lililolowekwa baharini linaonekana gumu kuwaka kwa sababu bado lina unyevu. Subiri wiki mbili za jua uone.

Oili chafu nayo ni msiba. Inapakwa kwenye nguzo na boriti kuzuia mchwa, na mchwa kweli inawasumbua, lakini umeitia miti mafuta. Boroni ileile ya kwenye makuti inazuia mchwa na bungua bila kuongeza chakula cha moto. Loweka boriti humo kabla ya kusimamisha, ila sehemu inayozikwa ardhini itapoteza dawa kwa unyevu, hivyo nguzo isimame juu ya msingi wa zege au jiwe. Vanishi inayong'aa, wanayoipenda wenye mahoteli, iko kundi moja na oili.

Sasa boriti zenyewe. Mti mnene una kinga yake ya asili, na hili linafaa kufahamika kabla mtu hajabadilisha boriti za mikoko kwa mabomba membamba ya chuma akidhani chuma hakiungui. Chuma hakiungui, ila kikifika nyuzi 550 hadi 600 kinabaki na karibu nusu ya nguvu zake, na moto wa paa unafika huko upesi. Mti mgumu unapoteza kama nusu milimita kwa dakika kila upande unaochomwa, na mkaa unaojengeka nje unalinda kiini. Chukua boriti ya unene wa milimita 120. Baada ya dakika 30 imepoteza milimita 15 kila upande, imebaki 90. Nguvu ya kubeba inakwenda na unene uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe, kwa hiyo imebaki na asilimia 42 hivi. Bado imesimama, watu wametoka. Fanya hesabu hiyohiyo kwa ufito wa milimita 30, jibu ni sifuri. Ndiyo maana paa la makuti huanguka kwa vipande huku nguzo na makombamoyo, ile miti minene inayobeba paa, yakibaki, na ndiyo maana hatari kubwa kwa aliye ndani ni kuti linalodondoka likiwaka baada ya kamba kukatika.

Kinga ya kuti linalodondoka ni dari. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe zina boriti zilizolazwa karibu karibu, juu yake mawe ya matumbawe na zege la chokaa. Moto wa juu hauteremki kirahisi kupita hapo. Kwa nyumba ya miti na udongo unaweza kupata kinga ya namna hiyo kwa gharama ndogo: boriti, fito zilizobanana, kisha udongo wa mfinyanzi uliokandwa na majani makavu, unene sentimita 5. Uzito wake ni kama kilo 80 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo zikague boriti kwanza. Nyufa zikitokea ukikauka, zizibe kwa udongo mwepesi zaidi. Moto hauhitaji mlango, unahitaji ufa. Dari ya jipsamu ya milimita 12.5 nayo ni nzuri. Sehemu ya tano ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya jiwe lenyewe, na mpaka maji hayo yaishe kutoka, upande wa pili haupandi joto sana. Maungio yakiachwa wazi faida hiyo inapotea. Dari za plastiki zinazouzwa sana siku hizi hazimo kwenye mjadala huu. Zinalainika na kudondoka kwa joto la moto.

Kuta za udongo na za matumbawe hazina shida. Shida ni uzio na vyoo vya makuti ya kumba, yale ya kusuka, vilivyoegemezwa ukutani mpaka vinagusa upenu. Hiyo ni ngazi umemwekea moto. Kata, acha hatua kadhaa za uwazi. Upenu wenyewe usishuke chini ya kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, hasa pale wateja wanapokaa na sigara na vibatari. Kuhusu umbali kati ya banda na banda, kanuni za ujenzi za Afrika Kusini, ambako mapaa ya nyasi ni mengi, zinataka paa linalozidi mita za mraba 20 likae mita 4.5 kutoka mpaka wa kiwanja. Kwa pwani yenye kaskazi sisi tungeongeza kwa upande ambako upepo unaelekea.

Umeme. Waya usifungwe kwenye boriti kwa kamba wala usipitishwe ndani ya makuti, kwa sababu panya wanaishi humo na wanatafuna. Upite ndani ya paipu, uteremke kwenye nguzo, na maungio yote yawe ndani ya kisanduku chenye mfuniko mahali unapoweza kukifikia. Maungio ya kukunja kwa mkono na kuzungushia selotepu ndani ya paa yanapata joto polepole, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja jani lililolala juu yake linafika zile nyuzi 250. Taa ziwe za LED, zisiwe za halojeni, na sakiti breka iendane na unene wa waya: waya wa milimita za mraba 1.5 wa taa haulindwi na breka ya ampea 32.

Jiko la kuni lisiwe chini ya makuti, nukta. Kwenye mabanda ya kukaangia samaki paa liwe la bati, na karai la mafuta liwe na mfuniko wake wa chuma karibu, wa kufunika mafuta yakishika moto. Maji kwenye mafuta yanayowaka yanageuka mvuke papo hapo na kurusha mwali hadi darini. Bomba la moshi likipita karibu na makuti, lipande mita moja juu ya kilele na mdomo uwe na wavu wa kunasa cheche. Wavu huo unaziba kwa masizi, na ukiziba moshi unarudi ndani, ndipo mpishi anauondoa na hauonekani tena. Usafishe kila mwezi, au uwe na wa pili wa kubadilisha.

Wenye mahoteli huweka bomba lenye matundu kileleni ili kulowesha paa moto ukiwa jirani. Ni wazo zuri kwa cheche za nje, halisaidii moto wa ndani, kwa kuwa paa la makuti limejengwa makusudi lisipitishe maji. Kosa tunaloliona ni tangi. Kilele kiko mita 7, tangi liko kwenye mnara wa mita 6, kwa hiyo siku ya siku maji hayapandi. Mita kumi za kimo zinatoa baa moja tu ya msukumo, na chini ya kilele hazitoi chochote. Pampu ya umeme nayo inakufa pale mtu anapozima umeme, na kuzima umeme ndilo jambo la kwanza kufanya. Pampu ya petroli inafaa, iwashwe kila wiki.

Mtungi wa kuwekwa bandani uwe wa maji, lita 9. Unga unazima mwali unaouona lakini haupenyi kwenye safu, kuti linaendelea kufuka na kuwaka upya. Weka na upondo mrefu wenye kulabu ya chuma wa kuvutia chini makuti yaliyoshika, ubomoe na mita mbili zaidi ya pale panapowaka. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, piga kabla hujaanza kuvuta.

Dawa ikibaki shimoni usiimwage bustanini. Boroni kidogo mimea inaihitaji, nyingi inaiua, na migomba na michungwa itakuonyesha kwa kingo za majani kukauka. Acha jua likaushe shimo, fagia chenga, zihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko iliyoandikwa SUMU, mbali na watoto, uziyeyushe tena Juni. Maji ya mvua yanayotoka kwenye paa lililotiwa dawa si ya kunywa wala ya kupikia.